Gazeti lililofunga karanga

Gazeti letu liliwahi kwisha sokoni siku moja tu. Ilikuwa mwaka 2007, siku ya Jumanne, na ilipofika saa nne asubuhi hapakuwa na nakala hata moja Bukavu nzima, mji wetu wa mashariki mwa Kongo: si Nyawera, si Feu Rouge, si Place de l'Indépendance, wala kwa yule kijana wa mlangoni mwa soko la Kadutu ambaye kwa kawaida alinirudishia nakala 36 kati ya 40 nilizomwachia. Tulikuwa tumechapa 800. Mzee wetu, yaani mhariri ambaye pia alikuwa mwenye gazeti, mhasibu na siku nyingine dereva, alikuwa akizunguka meza huku anapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nalia.

Wauzaji walikuwa wamekwisha kuniambia. Vijana watatu walipita na jipe tangu alfajiri, wakinunua kila rundo bila kuomba kupunguziwa. Ukurasa wa kwanza ulibeba habari yangu: ushuru ambao akina mama wa sokoni walitozwa kila asubuhi bila risiti, pamoja na jina la mkubwa ambaye pesa ile iliishia kwake. Kwa wiki tatu nilikuwa nimehesabu meza moja moja, nikijifanya natafuta sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za bei nafuu. Sasa kazi yote ile ilikuwa ndani ya jipe.

"Unalia nini, binti yangu?" Mzee akaniuliza. "Kwa mara ya kwanza nitamlipa mchapaji makuta yake yote."

Wiki mbili baadaye nilinunua karanga za kukaanga pale Kadutu, na mama mwuzaji akanifungia kwenye karatasi iliyoviringwa kama pembe. Nilipoifungua nikakutana na nusu ya sentensi yangu. Nikanunua pembe ya pili, halafu ya tatu. Nilipouliza uliza nikaambiwa kwamba mkubwa alizirundika zile nakala kwenye gereji yake na kumwamuru zamu azichome usiku. Zamu, mlinzi ambaye mshahara wake ulikuwa umechelewa kwa miezi, aliona ni dhambi kuchoma karatasi nzuri namna ile. Akaziuza kwa kilo kwa akina mama wa karanga. Hivyo habari ya ushuru ikarudi kwa wale wale waliotozwa ushuru, vipande vipande, ikiwa na mafuta na chumvi. Wasiojua Kifaransa walisomewa na watoto wao wa shule. Nimeandika miaka mingi tangu hapo, na sidhani kama niliwahi kusomwa vile tena.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi kwenye vinywaji, watu wakacheka, nami nikacheka. Nilichelewa sana kuona kwamba ndani yake mlikuwa na ugonjwa wote wa gazeti letu. Aliyelipa hakusoma, na waliosoma hawakulipa.

Nieleze basi jinsi tulivyoishi. Mchapaji wetu alikuwa Bujumbura. Kila mara nilivuka mto Ruzizi asubuhi na mapema, flashi ikiwa imefungwa kwenye kona ya kitenge, nikapita upande wa Rwanda hadi Bugarama, kisha nikaingia Burundi. Nililala huko usiku mmoja, wakati mwingine miwili umeme ukikatika, halafu nikarudi na magunia nikiomba afisa wa forodha asiwe na muda wa kusoma. Nakala moja tuliiuza franka 500, karibu dola moja ya wakati ule. Kwa pesa hiyo mama mwenye watoto watano alipata sambaza za chakula cha jioni. Anunue gazeti aliweke wapi? Kwa kawaida tuliuza nakala 150, siku ya neema 200. Wengi walisoma wamesimama mbele ya muuzaji, vichwa vya habari tu, wakabishana pale pale mpaka jua likawachoma. Muuzaji aliwafukuza, wakahamia kwa mwingine.

Na tuliandika kwa Kifaransa. Hili linanisumbua hadi leo. Mji huu unagombana kwa Kiswahili, unabembeleza kwa Kimashi, unasali kwa vyote viwili, halafu sisi tukaukalisha chini kuusimulia mambo yake kwa lugha ya shule. Nilimwuliza Mzee mara moja kwa nini. Akanijibu kwamba gazeti la Kiswahili litaonekana kama karatasi ya parokia. Yeye alikuwa mtu wa mwaka 1990. Aliingia kazini baada ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili, ile ya kuruhusu vyama vingi, magazeti yalipoota kila pembe ya nchi, na kwake gazeti lilikuwa kitu cha kuwekwa mezani mwa gavana. Gavana alikuwa anasoma Kifaransa. Basi.

Pengo kati ya nakala 150 zilizouzwa na deni la mchapaji lilizibwa na nani? Kila mtu wa kazi hii Kongo anajua neno: kupaje. Unaitwa kwenye mkutano, unaandika kwenye daftari, na mwishoni unapewa bahasha "ya usafiri" hata kama umekuja kwa miguu kutoka nyumba ya jirani. Mzee alikuwa na kupaje yake ya jumla, ukurasa mzima wenye picha ya mheshimiwa akizindua kisima. Wakati wa uchaguzi wa Julai 2006, ule wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka arobaini na ushee, tulinenepa. Wagombea walipanga foleni. Tulitoka kila wiki, kurasa 16, na nilinunua viatu. Nami nilipokea bahasha, nisijifanye mtakatifu. Ya kwanza ilikuwa dola 10, na mshahara wangu ulikuwa haujalipwa tangu miezi minne. Niliiweka mkobani nikajiambia kwamba habari niliyoiandika ilikuwa ya kweli hata bila bahasha. Ilikuwa ya kweli, ndiyo. Lakini siku ile kulikuwa na habari nyingine mbili za kweli ambazo hazikuwa na bahasha, na sikuziandika.

Ubaya wa kupaje sikuuona kwenye uongo. Niliuona katika orodha ya mambo ambayo mwandishi hayaoni tena.

Wako waliolipia kazi hii kwa namna nyingine kabisa. Serge Maheshe wa Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa, aliuawa mjini hapa tarehe 13 Juni 2007. Didace Namujimbo, wa redio hiyo hiyo, tarehe 21 Novemba 2008, akiwa anarudi nyumbani. Baada ya Didace mama yangu aliacha kuniuliza nimeandika nini. Aliuliza tu nitarudi saa ngapi. Nawataja kwa kuwa vijana wanaoingia kazini leo wanazungumza juu ya mustakabali wa uandishi kana kwamba tatizo lake ni mashine.

Gazeti letu lilikufa mwaka 2012, bila tangazo. Uchaguzi wa Novemba 2011 ulipita, wagombea wakatoweka, deni la Bujumbura likabaki. Mzee alisema tunapumzika mwezi mmoja. Mwezi wa sita wa mapumziko nilikuta ofisi yetu imepangishwa kwa fundi wa nywele. Mama Solange Lusiku, aliyekuwa akiongoza gazeti la Le Souverain mjini hapa, aliendelea kushikilia karatasi wakati wengi wetu tulikuwa tumeshaachia kalamu. Mwaka 2014 alipewa tuzo ya ujasiri ya IWMF, shirika la kimataifa la wanawake wa vyombo vya habari, na aliaga dunia Oktoba 2018. Nilipokutana naye barabarani nilikuwa naona haya kidogo, kama mtu aliyekutwa akitoka kanisani kabla ya sadaka.

Mwaka ule ule wa kifo chetu nilialikwa kwenye semina, katika hoteli yenye bustani inayoshuka mpaka ziwani. Mtoa mada alikuwa Mzungu mpole, na mada yake ilikuwa jinsi intaneti ilivyoua magazeti. Alituonyesha mchoro wenye mstari unaoporomoka kama barabara ya Ngomo. Akatuambia habari za Rocky Mountain News la Denver, lililofungwa tarehe 27 Februari 2009 likiwa limebakiza wiki chache tu kutimiza miaka 150. Nilinyoosha mkono nikasema kwamba huku kwetu intaneti haijaua kitu, maana saa moja ya cyber ni dola nzima na ukurasa unafunguka kwa mwendo wa kinyonga. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, alieleza kitu ambacho nilikiandika pembeni mwa daftari bila kukielewa. Alisema magazeti ya Marekani hayakuuawa na wasomaji kuhamia kwenye simu. Yaliumizwa kwanza na kuondoka kwa matangazo madogo: nyumba inapangishwa, baiskeli inauzwa, kazi inatafutwa. Craig Newmark alianzisha orodha yake ya mtandaoni, Craigslist, San Francisco mwaka 1995, mtu akaweka tangazo bure, na ile mistari midogo ya kurasa za nyuma, ambayo hakuna mwandishi aliyewahi kujivunia, ikaonekana ndiyo iliyokuwa ikimlipa mwandishi wa ukurasa wa mbele. Nimefuatilia hesabu hizo tangu siku ile. Mwaka 2005 matangazo yaliwaingizia magazeti ya Marekani dola bilioni 49 hivi. Kufikia 2020 yalikuwa chini ya bilioni 10. The Independent la London nalo lilichapa nakala ya mwisho tarehe 26 Machi 2016.

Mwaka 2013 nikapata kazi kwenye redio moja ya mtaani. Redio huku si kitu cha jana. Radio Maendeleo ilianza mwaka 1993, na ikafungiwa zaidi ya mara moja wakati wa uasi wa RCD, kundi lililoushika mji huu kwa silaha, jambo linaloonyesha ni nani aliyekuwa akiogopwa. Yangu ilikuwa ndogo zaidi, vyumba viwili na mnara. Mkurugenzi alisikiliza sauti yangu, akakunja uso, akanipa dawati la komunike.

Nililia tena, lakini chooni safari hii. Mimi niliyehesabu meza za Kadutu, leo nakaa dirishani kuandika kwamba mbuzi mweusi mwenye doa jeupe amepotea mtaa wa Panzi! Komunike ndiyo kazi ya chini kuliko zote: mtu anakuja, anaeleza, unaandika kwa Kiswahili na mara nyingi kwa Kimashi pia, anahesabiwa maneno, analipa, inasomwa asubuhi, mchana na jioni. Kadi ya uchaguzi imepotea, nayo kwetu ndiyo kitambulisho, kwa hiyo aliyeipoteza amepotea naye. Diploma imeanguka kwenye pikipiki. Mtoto wa miaka minne amepatikana mtaa wa Essence, anajua jina la dada yake tu. Na vifo. Vifo vina sheria zake: unataja marehemu, wazazi, ukoo, wakwe, matanga iko wapi, mazishi saa ngapi, halafu unaita majina ya walio mbali, mmoja wa Shabunda, mmoja wa Uvira, mmoja "popote alipo". Ukisahau mkwe mmoja, kesho yake familia nzima iko dirishani.

Ilinichukua karibu mwaka kugundua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nawalisha wote. Mhasibu aliniachia kitabu alipougua, nikajumlisha. Vipindi vya wakubwa vilileta pesa nyingi kwa mara moja halafu ukame. Komunike zilileta kidogo kidogo, kila siku, mvua au jua, vita au uchaguzi. Mshahara wa yule kijana wa taarifa ya habari mwenye sauti nzuri ulitoka kwa mbuzi mweusi mwenye doa jeupe. Ndipo nikarudi kwenye daftari la semina nikasoma yale maneno ya pembeni.

Na hawa walipaji hawakuwa na neno la kuniambia juu ya taarifa ya habari. Mama aliyelipia komunike ya mume wake hakunipigia simu kuniuliza kwa nini nimemtaja gavana. Alitaka kitu kimoja, tangazo lake liwe la kweli na lisikike. Ukweli wa komunike si mchezo. Kulikuwa na bwana mmoja aliyetangazwa kufa, familia yake ikalipa vizuri, tukasoma siku mbili. Siku ya tatu akaja mtu aliyekuwa akimdai, amekasirika: amemwona marehemu Goma, bandarini, anakula mkate. Alikuwa amejiua kwa redio ili deni life naye. Tangu hapo hatusomi kifo bila barua ya shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, na shahidi wa pili asiye wa familia. Katika gazeti letu la kurasa 16 hatukuwahi kuwa na kanuni kali namna hiyo kwa habari yoyote, hata ile ya mawaziri.

Halafu wakaja wafadhili. Sitasema vibaya; kwa miaka walitulipia vipindi vya amani, vya chanjo, vya wanawake. Nilifundishwa mengi na nilisafiri. Ila polepole tukaanza kuzungumza lugha ya miradi, na msikilizaji akawa "mnufaika". Mwenye mradi alitaka kipindi cha kipindupindu wakati mtaa ulikuwa unazungumzia nyumba zilizoporomoka na mmomonyoko. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, vipindi kadhaa vilikatika ndani ya wiki moja, vingine katikati ya mfululizo. Wasikilizaji wachache waliuliza vimekwenda wapi. Komunike ya saa kumi na mbili ilipochelewa dakika 20 siku moja, simu zilikatika kwa kupigwa.

Mwezi uliofuata waasi wa M23 waliingia Bukavu. Ya siku zile sitayasimulia yote, naishi hapa. Nasema tu kwamba benki zilifungwa, na watu walikuja dirishani wakiwa na franka zilizokunjwa mara nane au bila kitu kabisa, kutafuta watoto waliopotezana nao njiani. Zile za watoto tulisoma bure. Nilijaza kurasa nyingi za kitabu ambazo upande wa pesa umeandikwa sifuri.

Vijana wananiambia kwamba hayo yote yamepitwa, habari iko WhatsApp. Mpwa wangu ana makundi mawili yaliyojaa na ukurasa wa Facebook. Anaandika haraka kuliko mimi na Kiswahili chake kinaeleweka, jambo ambalo Mzee hakuliweza kwa miaka 20. Nilimwuliza unakula wapi. Akacheka, akanionyesha simu: dola 15 kutoka kwa mheshimiwa fulani, dola 20 kutoka kwa mchungaji, zimeingia kwa M-Pesa. "Ni ya megabaiti, Mama Mdogo." Kwetu iliitwa ya usafiri. Mkubwa wa leo hahitaji kuamka alfajiri na jipe kununua nakala 800. Anamtumia admini dola 20, na habari haizaliwi. Wala hakuna zamu wa kuiuza kwa kilo.

Hapo ndipo naona tofauti kati ya karatasi na simu, na si pale wanapoionyesha kwenye semina. Karatasi ilipoteza vita, sawa, na sitavuka tena Ruzizi na magunia. Swali ambalo tulishindwa kulijibu kwenye karatasi limehamia kwenye simu likiwa zima: pesa inatoka kwa anayetaka kujua, au kwa anayetaka asijulikane? Nilimshauri mpwa wangu aanze komunike kwenye makundi yake, franka 2,000 kwa moja, na kanuni ya shahidi wa pili. Alijaribu wiki tatu. Watu walilipa. Akaniambia inachosha, kila mtu anataka kusimulia maisha yake yote kabla ya kutaja mbuzi. Nikamwambia hapo ndipo habari ilipo, mwanangu, sikiliza. Sijui kama amesikia.

Alhamisi iliyopita alikuja mama wa makamo, wa Kadutu ya juu, kutangaza arobaini ya kaka yake. Tukamaliza, nikahesabu, akalipa. Hakuondoka. Akafungua pindo la kitenge, akatoa franka 1,000 nyingine, akaiweka juu ya kitabu.

"Mama, umeshalipa yote," nikamwambia.

"Hii si ya kaka. Ni ya njia yako. Nenda uwaulize watu wa maji juu ya bomba letu. Tangu mwezi wa pili haliko linatoa hata tone, na karatasi za kulipa zinakuja."

Nikabaki naitazama ile noti. Nilifikiri juu ya bahasha yangu ya kwanza, ile ya dola 10, na nikajiuliza kama hii nayo ni kupaje. Mama alikuwa ananitazama, anangoja.

"Nikikuta kwamba kosa ni la mtaa wenu? Kwamba kuna mtu amekata bomba juu?"

"Utasema hivyo. Sisi tunataka maji."

Nikamwambia aksanti. Kitabu cha komunike kina safu nne: vifo, vilivyopotea, vilivyopatikana, mengineyo. Nilitafuta pa kuiandika nikakosa, nikachukua rula, nikachora safu ya tano.